Spidomita haipimi barabara, huhesabu mizunguko

ABIRIA aketiye kando ya dereva wa matatu itokayo Homa Bay kwenda Migori kupitia Rongo huutazama mshale wa kasi na kuuamini. Hata hivyo, spidomita huhesabu mizunguko tu, kisha kasi hukadiriwa kwa kuchukulia kwamba gari lina tairi za ukubwa uliokusudiwa na mtengenezaji.

Muundo wake wa asili, uliosajiliwa na Mjerumani Otto Schulze mwaka wa 1902, ungalipo katika pikipiki nyingi za bodaboda za Awendo, Oyugis na Mbita. Waya uliosokotwa huzungushwa na gurudumu la mbele. Katika magari ya zamani ulizungushwa na giaboksi. Mwishoni mwake mna sumaku izungukayo karibu na kikombe cha alumini bila kukigusa. Alumini hainaswi na sumaku, lakini mzunguko huo huzua mikondo ya umeme ndani ya kikombe, nayo hukiburura kikombe kifuate sumaku. Kamani nyembamba hukizuia, na nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale hutulia. Waya ukikatika, mshale huanguka kwenye 0, na wengi huendelea na safari wakikisia kwa mlio wa injini.

Katika magari ya kisasa, kihisi cha umeme kimechukua nafasi ya waya. Hesabu ni ile ile.

Utata huletwa na tairi. Anayefunga tairi zenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 5, pengine ili gari liinuke juu ya mawe ya barabara za vijijini, atauona mshale kwenye 80 ilhali gari linakwenda 84. Umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka kwa takriban asilimia 10.

Kanuni zilizotangazwa mwaka wa 2003 na Waziri wa Uchukuzi John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti kinachotegemea mizunguko hiyo hiyo nacho hudanganyika tairi zikibadilishwa bila chenyewe kurekebishwa.

Njia rahisi ya kuukagua mshale ni saa: kwa kasi ya 80, kilomita 1 iliyopimwa humalizika kwa sekunde 45. Zikiwa 43, gari linakaribia 84.