Kentucky Pride (filamu ya 1925)

Kentucky Pride ni filamu bubu ya Marekani iliyoongozwa na John Ford na kutolewa na kampuni ya Fox mwaka 1925. Mwandishi wake ni Dorothy Yost, na mpiga picha ni George Schneiderman. Inahusu familia ya wafugaji wa farasi wa mbio katika jimbo la Kentucky, lakini msimulizi si mtu: ni farasi jike aitwaye Virginia's Future.

Bwana Beaumont (Henry B. Walthall) ni tajiri aliyetekwa na karata. Madeni ya kamari yanamla farasi mmoja baada ya mwingine, hata tegemeo lake lote linabaki kwa Virginia's Future. Siku ya mbio farasi huyo anaanguka na kuvunjika mguu. Mke wa Beaumont (Gertrude Astor), ambaye moyo wake umeshahamia kwa jirani yao Greve Carter, anaamuru farasi huyo apigwe risasi. Mkufunzi Mike Donovan (J. Farrell MacDonald) hana roho ya kumuua, anamponya. Beaumont anafilisika na kutengana na binti yake, Virginia. Farasi naye anazaa mtoto, Confederacy, kisha anauzwa na kuishia kukokota mkokoteni wa mchuuzi wa vitu chakavu anayemtesa. Anayeinua tena jina la nyumba ni Confederacy, akipandwa na Danny, mwana wa Donovan.

Visa vya mfugaji kufilisika na kuokolewa na mbio moja vilikuwa vingi katika sinema za wakati ule. Uzuri wa filamu hii umo katika sauti aliyopewa yule farasi. Katika filamu bubu hakuna asikikaye. Maneno yote husomwa kwenye skrini, kwa hiyo mnyama anaweza kusema kwa haki ileile ya binadamu bila mtazamaji kushtuka. Na asemayo ni ya mzazi: fahari ya ukoo, aibu ya kuanguka mbele ya watu, uchungu wa kutenganishwa na mwanawe. Yanamfika yeye kama yanavyomfika bwana wake, na ndiyo maana baba na binti wanapopoteana, huzuni yao inaeleweka bila maelezo marefu.

Ford aliwaonyesha pia farasi mashuhuri wa kweli. Yumo Man o' War, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1917 na kushinda mbio 20 kati ya 21, pamoja na baba yake, Fair Play. Yumo Morvich, mshindi wa Kentucky Derby ya 1922.

Mwaka uliotangulia Ford alikuwa ametoa The Iron Horse, filamu kubwa ya ujenzi wa reli, na mwaka 1926 alirudi kwenye mbio za farasi kwa The Shamrock Handicap, akiwa na Janet Gaynor. Filamu zake bubu nyingi zimepotea. Kentucky Pride ni miongoni mwa zilizosalia.