Kutoka Amri hadi Sentensi: Historia ya Violesura Fasaha katika Maktaba za Programu

1. Utangulizi

Maktaba ya programu ni mkusanyo wa msimbo ulioandaliwa ili utumiwe na waandishi wengine wa programu. Mahali wanapokutana nayo ni kiolesura chake, yaani majina ya amri wanazoruhusiwa kuziita na utaratibu wa kuziita. Kiolesura chaweza kuwa sahihi na kamili, na bado kikawa kigumu kusomeka. Insha hii inafuatilia jinsi usomekaji ulivyogeuka kuwa suala la usanifu. Hoja yake kuu ni kwamba ufasaha wa kiolesura haukuletwa na kuunganisha amri kwa nukta, bali na uamuzi wa kuutoa mzigo kwa msomaji na kumtwika mbunifu wa maktaba.

2. Chimbuko

Mizizi ya mtindo huu imo katika Smalltalk-80, lugha iliyobuniwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Katika lugha hiyo jina la amri liligawanyika, kila sehemu ikatangulia thamani inayohusiana nayo. Aidha, alama ya nukta-mkato iliwezesha amri kadhaa kutumwa kwa kitu kimoja bila kulirudia jina lake. Usomekaji ulikuwa sehemu ya sarufi ya lugha yenyewe.

Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, haikurithi sarufi hiyo. Thamani zote ziliwekwa ndani ya mabano baada ya jina la amri, na msomaji alipaswa kukumbuka ipi ni ya nini. Hata hivyo, kifaa chake cha kuunga maandishi, StringBuffer, kilikuwa na amri iliyorudisha kitu kilekile kilichoitwa, hivyo miito iliweza kufuatana. Mnyororo ulikuwapo, ufasaha ulikuwa bado.

3. Kupata jina

Mwaka 2005 Martin Fowler alieleza mtindo ambao yeye na Eric Evans waliupa jina la kiolesura fasaha. Evans alikuwa amechapisha kitabu chake, Domain-Driven Design, mwaka 2003, akihimiza waandishi wa programu na wataalamu wa shughuli husika watumie lugha moja. Kwa mtazamo huo, msimbo wa kuagiza bidhaa ulipaswa kusomeka kama agizo lenyewe.

Fowler hakuficha gharama. Amri iliyotungwa ili ikae vizuri ndani ya sentensi huenda isieleweke ikisimama peke yake. Vilevile, mtindo huo ulipingana na kanuni iliyotetewa na Bertrand Meyer mwaka 1988, kwamba amri inayobadilisha hali ya kitu isirudishe jibu, na swali lisibadilishe hali. Kiolesura fasaha hubadilisha na kurudisha kwa pamoja.

4. Funzo la jMock

Mfano ulio wazi zaidi ni jMock, maktaba ya Java ya kujaribia programu kwa kutumia vitu bandia. Steve Freeman na Nat Pryce walisimulia ukuaji wake katika mkutano wa OOPSLA mwaka 2006. Matarajio ya jaribio yaliandikwa kama sentensi: amri fulani iitwe mara moja, kwa thamani fulani, nayo irudishe jibu fulani. Ili kulifanikisha hilo, waliitenga tabaka ya sarufi na tabaka ya utekelezaji. Kila amri ilirudisha aina iliyoruhusu tu hatua zinazofaa kufuata, kiasi kwamba sentensi iliyokosewa mpangilio ilikataliwa na kompaila kabla programu haijaendeshwa.

Lakini toleo la kwanza lilikuwa na ufa. Jina la amri iliyotarajiwa liliandikwa kama maandishi ndani ya alama za kunukuu. Mwandishi alipolibadilisha jina hilo katika msimbo, kompaila haikuona kosa lolote. Sentensi iliendelea kusomeka vizuri huku ikitaja kitu kisichokuwapo tena, na kosa lilijitokeza tu jaribio lilipoendeshwa. Toleo la pili liliziba ufa huo kwa kuiita amri yenyewe, ijapokuwa umbo la sentensi lilibadilika na kuhitaji mabano zaidi. Hapa wabunifu walitanguliza ukweli wa sentensi kuliko ulaini wake.

5. Kuenea na hitimisho

Mtindo huu ulienea upesi: jQuery ya John Resig mwaka 2006, C# 3.0 mwaka 2007, na mikondo ya data katika Java 8 mwaka 2014. Hata hivyo, kuenea kwa mnyororo si uthibitisho wa kuenea kwa ufasaha. Historia ya jMock inaonyesha kwamba kiolesura hustahili kuitwa fasaha pale tu sarufi yake inapomzuia mtumiaji asikosee, na maneno yake yanapobaki ya kweli msimbo unapobadilika.

Linabaki swali la msomaji ni nani. Sentensi za maktaba zilizojadiliwa hapa zimejengwa kwa maneno na mpangilio wa Kiingereza. Kwa mwandishi wa programu anayefikiri kwa Kiswahili, ambamo kiambishi cha mtenda na cha wakati hukaa ndani ya kitenzi kimoja, ufasaha huo ni wa kujifunza, si wa kuzaliwa nao. Usomekaji, kwa hiyo, si sifa ya msimbo peke yake. Ni uhusiano kati ya msimbo na jamii inayousoma.