Nyasi za Ikoma

Picha yenyewe ukiiona utacheka. Kuna kilima, miti ya miiba, ukuta wa mawe uliolika upande mmoja, na nyasi. Nyasi kibao. Nilipoionyesha kijiweni, mshikaji mmoja aliichukua simu, akaigeuza huku na huku, kisha akauliza: "Sasa mazee, hapa umepiga nini?"

Nikamwambia nimepiga picha ya vita. Kicheko kilichofuata, we acha tu.

Lakini swali lake halikuwa la kijinga, msomaji. Vita tunavyovijua sisi ni vya kwenye video, vya moshi na mabomu. Huku kwetu Mara vita vilipita, vikaua, vikaondoka, na baadaye nyasi zikaota. Mtu akienda leo na kamera atapiga nini? Ndilo swali nililozunguka nalo Serengeti na Tarime, na mpaka sasa sijalimaliza.

Tuanze na hicho kilima. Ukitoka Tarime mjini unashika barabara ya Nyamwaga, unapita Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu, unavuka Mto Mara na kuingia Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Kutoka Mugumu unatafuta usafiri wa kwenda Robanda, kijiji cha Waikoma kilicho jirani na lango la hifadhi. Usishangae ukiwaona pundamilia wanakula kando ya barabara kama mbuzi wa jirani. Magari ya watalii yanakupita kwa kasi, vumbi lote lako. Abiria wake wanawahi simba. Juu ya kilima, mbali kidogo na njia yao, zimesimama kuta za ngome ya Ikoma, na ni wachache wanaogeuza shingo kuzitazama.

Ngome hiyo ilijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo nchi hii yote ilitawalwa kutoka boma la Mwanza, na Ikoma, kama Shirati kule ziwani, ilikuwa kituo cha mbele. Ukipanda pale juu unaelewa mara moja kwa nini walipachagua. Unaona pande zote. Anayekuja na ng'ombe unamwona, anayekuja na bunduki unamwona, na asiyetaka kulipa kodi naye unamwona anavyokimbilia porini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani wa hapa walikuwa na maadui pande nyingi: Waingereza kutoka Kenya na Uganda, Wabelgiji kutoka Kongo. Mwaka 1916 Waingereza waliteka Mwanza na Wabelgiji wakateka Tabora. Jeshi la Jenerali Lettow-Vorbeck likasukumwa kusini. Kwa watu wa Ikoma ingeonekana kwamba vita vimekwisha kwao. Kumbe bado.

Februari 1917 ofisa mmoja, Kapteni Max Wintgens, ambaye kabla ya vita alikuwa mwakilishi wa Wajerumani Rwanda, alijitenga na jeshi kubwa bila amri ya mkubwa wake. Aliondoka na askari mia kadhaa, bunduki za rashasha na wapagazi wao, akapiga mguu kurudi kaskazini, nyuma ya mistari ya adui. Kikosi hakikuwa na ghala wala njia ya kuletewa chakula. Kiliishi kwa kuchukua. Kila kijiji kilichopitiwa kilitoa unga, ng'ombe na watu wa kubeba, kipende kisipende. Mwezi Mei Wintgens alizidiwa na homa ya tifasi, akajisalimisha kwa Wabelgiji. Uongozi ukashikwa na Luteni Heinrich Naumann, naye akavuka Reli ya Kati na kuendelea kaskazini mpaka Ikoma.

Mwishoni mwa Juni 1917 Wabelgiji waliomfuata walikutana naye hapo. Wakapigana. Wabelgiji walipata hasara kubwa, wakarudi nyuma. Naumann naye hakukaa kushangilia, kwa sababu Waingereza nao walikuwa njiani kumtafuta. Akageuka, akazunguka nchi mpaka kwenye reli ya Kahe chini ya Kilimanjaro, na mwishowe akazingirwa na kujisalimisha karibu na Kibaya, mwanzoni mwa Oktoba. Baadaye Waingereza walimshtaki kwa mauaji na kumhukumu kifo. Adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo, na mwaka 1919 akawa huru.

Hayo ndiyo yaliyomo vitabuni. Sasa rudia kuyasoma polepole, msomaji, uhesabu majina ya watu. Wintgens. Naumann. Lettow-Vorbeck. Umeona?

Ninaposema "Wabelgiji walipata hasara", waliolala kwenye nyasi zile kwa wingi hawakuwa Wabelgiji. Walikuwa askari wa Kikongo, vijana waliotoka mbali, wakaja kufia chini ya kilima ambacho hata jina lake labda hawakulisikia vizuri. Na "Wajerumani" waliowapiga risasi, wengi wao walikuwa Waafrika pia, waliochukuliwa Rwanda, Unyamwezini na kwingineko. Mweusi alimlenga mweusi, na amri ilitolewa kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyelelewa nayo.

Wapagazi ndio hata kwenye sentensi hawamo. Vita vya Afrika Mashariki vilikwenda kichwani na mabegani. Mbung'o aliua farasi na punda, magari yalikwama kwenye matope, kwa hiyo mzigo ukabebwa na binadamu. Upande wa Waingereza peke yao, watu wapatao milioni moja walifanyishwa kazi ya kubeba, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Tunaposhuka Kariakoo kununua viatu vya mtumba tunalitaja jeshi hilo bila kujua, kwa kuwa jina lile lilitokana na Carrier Corps, kikosi chao cha wapagazi. Pale Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari tangu mwaka 1927, ameinama na bunduki yake. Mpagazi hana sanamu maarufu kama ile. Ana soko. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: askari na wapagazi wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa.

Basi nilipokuwa pale juu nilipiga picha ya ukuta kwanza. Kila mtu hupiga ukuta. Ni rahisi, una umbo, una kivuli kizuri jioni. Baadaye nikajiuliza, ukuta ni wa nani? Ni wa Mjerumani. Baada ya Uhuru ukawa hoteli, watalii wakalala palipokuwa na askari. Kumbe nikipiga ukuta peke yake nitakuwa nimempiga bwana mwenye nyumba na kuwaacha waliokufa nje. Nikageuka, nikaupa ukuta mgongo, nikapiga mteremko. Nyasi, miiba, njia ya ng'ombe. Ndiyo ile picha waliyoicheka kijiweni.

Kaskazini nako hadithi ni hiyohiyo. Mpaka wa Kenya na Tanganyika ulichorwa Ulaya, kwa makubaliano ya mwaka 1886 na 1890, na mstari ukapita katikati ya Wakuria kama kisu kwenye mkate. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka huo kikaingia Kisii, na tarehe 12 kikapigana na askari wa KAR kabla ya kurudi nyuma. Wenyeji walipoona boma limeachwa wazi walibeba walichokikuta. Waingereza waliporudi wakawaadhibu vikali. Januari 1915 ikawa zamu ya Waingereza kushuka Shirati kutoka ziwani. Leo ukisimama Sirari utaona malori, mabegi, wauza fedha na akina mama wenye ndizi. Mtu analala Tanzania na shangazi yake yuko Kenya. Ule mstari uliopigania watu wawili wa Ulaya sasa ni foleni ya forodha.

Sasa nifike Tarime, palipo na jambo lililonikaa kooni.

Tarime ina viwanja vya vita ambavyo havimo kwenye vitabu vya Vita Kuu. Koo za Wakuria zimepigana mara nyingi kwa sababu ya mifugo na mashamba. Wizi wa ng'ombe ulikuwapo tangu enzi za mishale. Lakini baada ya vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 Idi Amin alipovamia na kumalizika katikati ya 1979, mambo yakabadilika. Wanaume wengi wa huku walikwenda vitani wakapigana vizuri. Waliporudi, nchi haikuwa na kazi ya kuwapa. Bunduki nazo zikawa zimepatikana. Watafiti waliokaa na Wakuria wameeleza hivyo, na wazee wanasema hivyohivyo bila kuandika kitabu. Mshale ulimwua mmoja, bunduki ikaua boma. Hali ikafika mpaka Serikali ikaiweka Tarime na Rorya kuwa kanda maalum ya polisi.

Nilikuwa kwenye kijiji kimoja, jina lake silitaji, nikaelekezwa bonde ambalo koo mbili zilipigania. Bonde zuri, mahindi yamesimama, upande wa pili watoto wanachunga. Nikatoa simu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mti akaniita.

"Mura, unapiga nini?"

"Shikamoo, tata. Napiga picha za mahali palipopiganwa vita."

"Marahaba. Umeshapiga za Wajerumani?"

"Nimepiga, tata. Ikoma."

"Hao piga. Wamekufa, na watoto wao wako kwao." Akanyoosha fimbo kuelekea bondeni. "Pale aliyeua namjua. Aliyeuawa namjua. Watoto wao wanasoma shule moja. Wewe ukiitoa hiyo picha uiandike jina, mtoto ataiona, atauliza. Nani atamjibu? Wewe utakuwa umeshapanda gari."

Niliirudisha simu mfukoni. Sikuwa na la kumjibu.

Njiani nilibishana naye kichwani mpaka Tarime mjini. Nikasema, mbona kunyamaza ndiko kulikowafuta wapagazi? Kama mwaka 1917 kijana mmoja wa Ikoma angeandika majina ya waliolala kwenye mteremko, leo nisingekuwa napiga picha za nyasi. Halafu nikamsikia mzee akinijibu: na kama angeyaandika ili watu walipe kisasi? Wote wawili tuna haki, nadhani. Tofauti ni umri wa jeraha. Lile la Ikoma limepona likiwa na uchafu ndani, linahitaji kufunguliwa. Lile la bondeni bado bichi. Mwandishi anapaswa kujua anashika lipi, na kwa mkono upi.

Ndiyo maana ninawaambia wenzangu mnaojifunza kuandika: picha peke yake ni bubu. Ile ya Ikoma bila maneno ni nyasi tu, na mshikaji wangu ana haki ya kucheka. Kwa hiyo nilikaa nikaiandikia maneno ya chini. Nilianza na "Ngome ya Wajerumani, Ikoma". Nikafuta. Nikaandika "Mahali Naumann alipowashinda Wabelgiji, 1917". Nikafuta vilevile. Mara ya tatu nikaandika hivi:

"Mteremko wa Ikoma, Wilaya ya Serengeti. Mwishoni mwa Juni 1917 walikufa hapa watu wa Kongo na wa Tanganyika katika vita vya watu wengine. Majina yao hayapo kwenye picha hii."

Niliirudisha kijiweni. Yule mshikaji akasoma, akanyamaza kidogo, akasoma tena. Kisha akasema babu wa babu yake alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi, na kwao hakuna anayejua alifia wapi.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza.

Akasema atampigia bibi yake jioni.