Kilifi ni namba ngapi?

Wadau, leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja (jina nalihifadhi) lilinipa kazi ya kuandika programu ya kugawa vifaa kwa zahanati za kaunti mbalimbali. Siku ya majaribio, orodha ya kupakia malori ikatoka hivi: vyandarua vya Kilifi vipelekwe Bungoma, na mablanketi ya Embu yaje Kilifi. Sikuona kitu. Aliyeona ni mama mmoja wa stoo, mwenyeji wa Malindi. Akaniuliza, "Mwanangu, blanketi Malindi za kumfunika nani, samaki?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mvua za masika zilikuwa karibu, na mbu wa huku hawangoji lori ligeuze njia kutoka Bungoma.

Kosa lilikuwa la kifupisho. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali lake la Kwanza, inazitaja kaunti 47 kwa kufuata mpangilio wa mikoa ya zamani, kuanzia Pwani: Mombasa 1, Kwale 2, Kilifi 3, hadi Nairobi 47. Namba hizo ndizo zinazotumika serikalini, na huandikwa 001, 002, 003. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, nalo lina orodha yake ya sehemu za kila nchi. Zamani sisi sote wa Pwani tulikuwa KE-300, yaani mkoa mzima. Mwaka 2014 ISO ikaingiza kaunti, lakini ikazipanga kwa alfabeti. Kilifi ikawa KE-14. KE-03 ni Bungoma. Na 014 ya serikali ni Embu. Sasa mnaona mablanketi yalikotoka.

Faili niliyopewa ilikuwa na 003. Mtu aliifungua kwenye lahajedwali, sifuri za mbele zikaliwa (kila aliyewahi kuhifadhi namba za simu humo anaujua uchungu huu), ikabaki 3. Programu yangu ikabandika KE- mbele yake. Kwa kompyuta kila kitu kilikuwa sawa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeijaribu. Nilichagua kaunti moja tu, Garissa, na Garissa ni ya 7 katika orodha zote mbili! Nimezilinganisha baadaye moja moja: katika kaunti 47, zinazopatana ni mbili tu, Garissa na Narok, ambayo ni 33 kotekote. Yaani ningechagua karibu yoyote nyingine ningelijua kosa siku ileile.

Baada ya hapo nikaanza kusoma historia ya mambo haya, na nikagundua kwamba wakubwa pia walijikwaa. Huko Marekani majimbo yalikuwa yakifupishwa kila mtu apendavyo, mengine kwa herufi nne au tano na nukta. Mwaka 1963 posta yao ilipoleta namba za ZIP, mstari wa anwani haukutosha, ikabidi kila jimbo lipewe herufi mbili tu. Nebraska ikapewa NB. Tatizo ni kwamba Kanada kuna New Brunswick, nayo NB pia, basi mwaka 1969 Nebraska ikabadilishwa kuwa NE. Hata nukta ina siasa zake: Mwingereza huandika Rd na Dr bila nukta kwa kuwa herufi ya mwisho ya neno imebaki, Mmarekani huiweka. Sisi tuliorithi ofisi za Mwingereza tunachanganya zote.

Kabla ya ndege kulikuwa na waya. Kebo ya baharini ilifika Zanzibar mwaka 1879, na simu za maandishi zililipiwa kwa kila neno, hivyo wafanyabiashara walikuwa na vitabu vizima vya maneno ya mkato. (Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, maana yake waya. Hata leo tukipiga simu bila waya tunapiga waya!)

Rudini nami Malindi. Kwenye bahasha ni 80200, na Kilifi mjini ni 80108. Marubani wanaijua kama HKML: H ni eneo letu la Afrika, K ni Kenya (Tanzania ni HT, Uganda HU), ML ni Malindi. Hiyo ina mantiki. Lakini tiketi ya abiria inasema MYD, na mimi Y hiyo siioni popote katika jina Malindi. Mombasa nayo sisi tunaiandika Msa katika ujumbe wa simu, tiketi inaandika MBA kama shahada ya biashara.

Na maneno ya kawaida? Katika faili ileile ya zahanati nilikuta P.O. Box, P O BOX, POB, S.L.P. na SLP. Binadamu anajua ni sanduku lilelile. Kompyuta imeona vitu vitano tofauti.

Siku hizi jedwali langu lina jina kamili la kaunti, kisha safu mbili zenye majina yanayojieleza: namba_ya_katiba na msimbo_wa_iso. Zote nimezihifadhi kama maandishi, si tarakimu, ili sifuri zisiliwe. Majaribio yanapita kaunti zote 47, si Garissa peke yake.

Nilipompelekea yule mama orodha mpya aliipitia kwa kidole, akauliza Malindi yake iko wapi. Nikamweleza kwamba zamani ilikuwa wilaya, sasa imo ndani ya Kilifi, haina namba yake. Hakuridhika hata kidogo. Akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa mkono, herufi zote saba: MALINDI.