Bushi za Land Rover ya babu

Wadau, kimya changu kilikuwa cha Kinyangiri, huko Singida, chini ya Land Rover Series III ya marehemu babu. Gari hizo zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Yetu ilikuwa inagonga kwenye kila shimo.

Tatizo ni bushi za springi. Enzi za mwanzo magari mengi yalikuwa na bushi za chuma kitupu, usipopaka grisi zinaliwa. Baadaye ukaja mpira ulioshikanishwa na mirija miwili ya chuma, wa ndani na wa nje. Na hapa ndipo tunapokosea: mpira huo hauzunguki, unajipinda na kurudi.

Fundi wa kwanza (simtaji) alikaza nati springi zikining'inia, gari likiwa juu ya jeki. Liliposhushwa, mpira ukabaki umepindwa muda wote. Miezi miwili tu, ukachanika!

Rafiki wa mjini akanishauri niweke za plastiki ngumu, kama wafanyavyo wenye MGB, lile gari la michezo la Kiingereza la 1962 hadi 1980. Kwenye lami sawa. Kwa makorongo ya kwetu, mtikisiko wote utaishia kiunoni. Na hata wenye MGB wengi huchagua bushi za MGB GT V8 ya 1973: mpira uleule, ila umevikwa chuma.

Nikanunua za mpira. Mjomba akanizuia spana mkononi: "Anko, shusha gari kwanza." Tukakaza tumelala mavumbini, uzito wote ukiwa kwenye tairi.

Jana tumekwenda Nduguti na kurudi. Kinachogonga sasa ni mlango.