Mogo, Kuku Paka na Mkahawa wa "Kihindi" wa Uingereza

Mtu yeyote aliyekaa Uingereza zaidi ya mwezi mmoja ameshaalikwa kwenda kula "kwa Muhindi". Ni mwaliko wa kawaida wa wenzetu wa kazini, aghalabu jioni ya Ijumaa, na mwalikwa akiwa ametoka Mombasa au Dar basi kuna mmoja hapo mezani atakayeanza kumfundisha sambusa ni kitu gani. Tumezoea, tunanyamaza, tunakula. Ila nadhani iko haja ya kuuliza huyo Muhindi ni nani hasa, na kwa nini katika baadhi ya mikahawa hiyo Mswahili anakuta maneno yake mwenyewe yameandikwa kwenye orodha ya vyakula, mengine yamevunjika shingo.

Tuanze na historia inayojulikana. Mkahawa wa kwanza wa Kihindi unaokumbukwa London ulifunguliwa mwaka 1810, mtaa wa George Street, na Sake Dean Mahomed, mtu wa Patna aliyekuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha safari zake kwa Kiingereza mwaka 1794. Haukudumu. Mwaka 1812 alifilisika, akahamia Brighton akawa maarufu kwa hamamu, si kwa mchuzi. Veeraswamy wa Regent Street ulifuata mwaka 1926, mahali pa wakubwa waliokuwa wakilikumbuka "Raj" lao. Lakini mkahawa wa mtaani, ule wenye zulia jekundu na bei ya kuvumilika, haukutokana na hao. Ulitokana na mabaharia. Watu wa wilaya ya Sylhet walikuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vya injini vya meli za Kiingereza, wakashuka bandarini na wengine hawakupanda tena. Baada ya Vita Vikuu vya Pili walinunua vimikahawa vya samaki na chipsi, wakauza chipsi mchana na mchuzi usiku. Sylhet leo ni Bangladesh. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mikahawa iitwayo "ya Kihindi" ni ya Wabangladesh, na Robin Cook, Waziri wa Mambo ya Nje, aliposema mwaka 2001 kuwa chicken tikka masala ni chakula cha taifa la Waingereza, alikuwa anasifu kazi ya Wabengali chini ya jina la India.

Hapa tusiwacheke Waingereza sana. Sisi nasi kwetu tunasema "Muhindi" na humo tunawatia Mbohora, Khoja, Banyani, Kalasinga na hata Mgoa, ambaye akisikia atanuna.

Sasa nenda Leicester, barabara ya Belgrave na Melton, au Southall, au Ealing Road kule Wembley. Huko mambo yanabadilika. Utakuta mogo: mogo ya kukaanga, mogo ya pilipili, mogo ya masala. Muulize kijana anayehudumu neno hilo limetoka wapi, atakwambia ni Kigujarati. Ni kweli kwa upande mmoja, kwa sababu bibi yake akilitumia kila siku. Lakini huko Gujarat kwenyewe ukisema mogo hawakuelewi. Ni muhogo wetu, umepoteza silabi moja njiani. Na muhogo wenyewe si wetu wa asili: Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Basi mzizi umetoka Brazil, ukapewa jina pwani ya Afrika ya Mashariki, ukaingia jikoni kwa Wagujarati, ukafika Leicester, na leo Mwingereza anaula akidhani ni chakula cha Bombay. Safari hiyo si mchezo.

Halafu kuna kuku paka. Mswahili akiisoma mara ya kwanza anashtuka, ni kuku au ni paka? Ni kuku wa kupaka, bwana, yule anayechomwa kisha akapakwa tui zito la nazi. "Wa ku-" imeanguka, kimebaki kitendawili. Waismailia wanakihesabu ni chakula chao cha sherehe, na sioni sababu ya kugombana nao; wamekipika kwa vizazi. Ninachosema ni kwamba jina limebeba cheti chake cha kuzaliwa. Huko Southall utakuta na nyama choma, jina lenyewe hilo hilo. Mkahawa wa Brilliant ulifunguliwa huko mwaka 1975 na familia iliyokuwa na hoteli ya jina hilo hilo Nairobi (hoteli kwa maana yetu, mahali pa kula), na Madhu's uliofuata mwaka 1980 una asili ya Nairobi vilevile. Maru wa Wembley walianzia Nairobi na bajia zao za vipande vyembamba vya viazi. Ndiyo maana Mkenya wa bara akikwambia bajia anakusudia viazi, na mtu wa Pwani anakusudia kunde au dengu, wakabishana mpaka mafuta yakapoa.

Walifikaje huko? Wengi huanza hadithi na reli. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, kuanzia 1896, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa, na waliobaki baada ya kazi hawakufika 7,000. Wenye maduka wengi hawakuwa watoto wa vibarua hao. Walikuwa Wagujarati na Wakachi waliofuata jamaa zao, na jamaa hao walikuwapo Zanzibar tangu enzi za Sayyid Said. Allidina Visram alifika pwani mwaka 1863 akiwa mtoto, akaanza kazi Bagamoyo, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 maduka yake yalikuwa yameenea hadi Uganda. Popote duka lilipofika, na jiko lilifika nyuma ya duka.

Kisha ikaja miaka ya kuondoka. Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na za leseni za biashara mwaka 1967. Waingereza wakajibu kwa sheria ya Machi 1968, iliyopitishwa kwa haraka ya aibu, ili kuwazuia watu wenye pasipoti za Uingereza wenyewe wasiingie Uingereza. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Wapatao 27,000 waliingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaambia msije kwetu. Wakaja. Na leo mji huo huo unawaalika watalii waje kula Belgrave Road.

Amin aliwafukuza watu, chapati hakuiweza. Nenda Kampala uone: chapati na mayai yaliyokunjwa ndani, wanaita rolex, ndicho chakula cha mwanafunzi na cha bodaboda, na chapati iliyokatwakatwa juu ya maharagwe wanaiita kikomando. Anayepika ni kijana Mwafrika barabarani, na wala hafikirii India hata kidogo. Kwa Wakenya Krismasi bila chapati si Krismasi.

Sasa nije kwenye lile linalonikera. Tazameni maneno waliyochukua Wagujarati kwetu: mogo, jugu, machungwa, kuku, sufuria, kisu, fagio. Na tazameni tuliyochukua sisi kutoka lugha za Kihindi, ukiacha vyakula kama chapati, kachumbari na achari: laki, hundi, bima, gunia, gari, rupia. Sisi tumechukua maneno ya biashara, wao wamechukua maneno ya nyumbani. Neno haliingii lugha nyingine bila watu wawili kukaa pamoja, na fagio na sufuria vinatuambia walikaa wapi. Walikuwa jikoni, mmoja anaamrisha na mwingine anafanya. Kile Kiswahili cha "leta", "osha", "weka hapa", kisicho na ngeli wala adabu, kilizaliwa hapo, nasi tulikicheka bila kuuliza kilikuwa kinafanya kazi gani.

Tangu nihamie Uingereza nimesoma menyu nyingi za mikahawa hii, na nyingi zina ukurasa wa historia ya familia: babu alipanda jahazi, alifungua duka, nyanya alipika, tulinyang'anywa, tukaanza upya. Ni hadithi za kweli na zina machungu, sizibezi. Watu walitoka Entebbe na sanduku moja. Lakini mpishi hayumo. Yule mzee aliyeitwa boi mpaka mvi zikamtoka, aliyekuna nazi, akachoma kuku, akasukuma chapati arobaini kwa siku, wapo na waliojifunza Kigujarati barabara, hana hata mstari mmoja. Nadhani mkono wake umo katika kuku paka kama ulivyomo wa nyanya. Na sisi wanahistoria hatujafanya vyema zaidi. Tumeandika juu ya wafanyabiashara wakubwa kwa sababu waliacha daftari na kesi za mahakamani. Mpishi hakuacha kitu ila ladha.

Sisemi Wahindi walikuwa wabaya peke yao. Matajiri wa Kiswahili nao walikuwa na majiko ya namna hiyo hiyo, na huko nyuma waliokuna nazi humo walikuwa watumwa, habari ambayo vitabu vyetu vya mapishi huiruka kwa ustadi mkubwa. Lakini kwa mikahawa hii ushahidi bado unaweza kukusanywa. Aliyekuwa na miaka 20 jikoni Kampala au Kisumu mwaka 1972 sasa amepita 70. Wanawake wa Kigujarati waliomwamrisha wako Leicester na Harrow, nao wanazeeka vilevile, na wengi wanakumbuka jina lake na kijiji chake. Nimekaa na wachache. Ukiwaamkia kwa Kiswahili wanafunguka, wanaanza kueleza nani alikuwa hodari wa nini, na mara nyingine wanakiri kuwa ule mchuzi unaosifiwa si wao walioubuni. Mwenye nafasi ya kwenda na kinasa sauti aende, aanze na swali jepesi tu: nani alikuwa anapika?