Deraya ya Farasi

Pambo la kununuliwa, lililotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mnamo Aprili 2006 kwa mchezo wa video The Elder Scrolls IV: Oblivion, ambao mnunuzi alikwisha kuulipia thamani yake kamili mwezi uliotangulia. Kwa dola 2.50 katika Xbox 360, farasi alivikwa mabamba ya chuma yaliyometameta, akapata ustahimilivu kidogo vitani, wala hakuongezewa mbio. Lawama zilikuwa nyingi, na kwa haki. Walakini wanunuzi hawakuwa haba. Kwa kulinganisha, nyongeza ya baadaye ya mchezo huohuo, Shivering Isles ya 2007, kwa dola 30, ilileta nchi nzima ya kuzuru. Mchezo ulipofufuliwa mwaka 2025, deraya nyingine ziliuzwa pamoja na toleo la bei ya juu.